MNUNUZI WA KAZI NDIYE ASHIKAYE MIZANI

Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama, juu ya kuwapa kazi na kuwalipa kwa haki wafanyakazi huru wa mtandaoni



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo wazee wetu walioanzisha ushirika hawakulijua kwa jina, lakini walilijua vizuri kwa uchungu wake. Jambo hilo ni malipo ya haki kwa mtu aliyekwisha kutoa jasho lake. Tofauti iliyopo leo ni kwamba mtu huyo hasimami mlangoni pa ghala letu. Pengine yuko Mwanza, pengine Nairobi, pengine Manila. Hatujapata kumwona uso. Tumemkuta katika soko la kazi la mtandaoni, tumepatana naye kwa maandishi ya kompyuta, na kazi yake imetufikia kwa njia hiyo hiyo.

Mahitaji yenyewe mnayajua. Chama cha kahawa kinataka nembo ya mfuko wa kahawa iliyosagwa. Chama cha asali kimepata barua ya mnunuzi wa Ujerumani, nayo inahitaji mfasiri. Chama cha akiba na mikopo kinataka majedwali ya hesabu yapangwe upya ili taarifa ziingizwe katika mfumo wa MUVU bila makosa. Hakuna chama cha msingi kinachoweza kumwajiri mfasiri mwaka mzima kwa ajili ya barua sita. Kwa hiyo chama hutafuta mtu wa kuifanya kazi ile moja, akalipwa, akaenda zake. Mtu wa namna hiyo nitamwita mfanyakazi huru.

Masoko anamopatikana si mageni tena duniani. Elance ilianza mwaka 1999 na oDesk mwaka 2003. Kampuni hizo mbili zikaungana kwa makubaliano ya mwaka 2013, na tangu mwaka 2015 zinaitwa Upwork. Fiverr ilianza mwaka 2010. Kazi katika masoko haya hununuliwa kwa njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni bei ya jumla kwa kazi nzima, na aghalabu fedha huwekwa amana kwa mwenye soko kabla kazi haijaanza. Njia ya pili ni malipo kwa saa, ambapo programu ya kompyuta huhesabu saa alizofanya kazi. Katika njia zote mbili mwenye soko hukata sehemu yake. Hayo ndiyo maumbile ya soko lenyewe. Lililo zito ni namna sisi tunavyoingia humo.

Ndugu wanachama, ushirika wa nchi hii ulizaliwa kwenye mizani. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda umoja wao mwaka 1925, na Chama Kikuu cha KNCU kikafuata mwaka 1933. Wakulima wa pamba wa Usukumani, mwanzoni mwa miaka ya 1950, waliweka watu wao wenyewe wa kupima pamba kwenye vituo vya kununulia, kwa sababu mizani ya mfanyabiashara ilikuwa ikiwapunja. Mwaka 1955 vyama vyao vikaungana katika Victoria Federation. Sababu ilikuwa moja: mwenye kununua ndiye aliyeshika mizani, ndiye aliyetaja bei, ndiye aliyechagua siku ya kulipa, na mkulima mmoja mmoja hakuwa na la kufanya ila kukubali.

Sasa tazameni tunaposimama tunapotafuta mfanyakazi huru. Mnunuzi ni sisi. Bei twaitaja sisi. Siku ya kulipa twaichagua sisi. Yeye yuko peke yake, na nyuma yake wako mia wengine wanaoitaka kazi ile ile. Mizani imehamia mikononi mwetu. Chama kilichoundwa ili kuondoa ulanguzi wa mazao kikigeuka kuwa mlanguzi wa jasho la watu, basi kimeacha sababu ya kuwapo kwake, hata kama vitabu vyake vimefungwa vizuri kiasi gani.

Kwa hiyo nitasema juu ya mambo matano: bei, maelezo ya kazi, siku ya kulipa, usalama wa chama, na mpaka kati ya mfanyakazi huru na mwajiriwa.

Kwanza, bei. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Nembo iliyokamilika huonekana kama kitu cha dakika kumi, kwa kuwa sisi tunaona mwisho wake tu. Shirika la Kazi Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2021 juu ya masoko haya, lilieleza kwamba watu wanaofanya kazi humo walifanya kwa wastani saa 27 kwa wiki, na takriban saa 8 kati ya hizo hazikulipwa, maana zilitumika kutafuta kazi, kuandika maombi na kujieleza kwa wanunuzi. Nusu ya watu hao walipata chini ya dola 2.1 kwa saa.

Tufanye hesabu pamoja. Chama kinatoa dola 100 kwa nembo kupitia Fiverr. Soko hilo humkata mfanyakazi asilimia 20, kwa hiyo zinabaki dola 80. Kama amechora kwa saa 20, kisha sisi tukamtaka masahihisho na maongezi ya saa 10 nyingine, amepata chini ya dola 2 na senti 70 kwa saa, kabla hajalipia umeme, intaneti, kompyuta na gharama za benki. Katibu ataandika katika hati ya malipo dola 100 na kusema ametoa fedha nyingi. Mfanyakazi hakuziona dola 100.

Kanuni ninayowashauri ni nyepesi. Kadirieni saa za kazi kwa kumwuliza mtu anayeijua. Ongezeni saa za mazungumzo na masahihisho. Zidisheni kwa ujira wa saa ambao mngeona ni halali kumlipa mtu wa ujuzi huo huo ofisini kwenu. Kisha ongezeni makato ya soko. Mathalani, saa 25 kwa dola 6 ni dola 150. Ikiwa soko hukata asilimia 20, ili mfanyakazi apate 150 mkononi ni lazima mkataba uandikwe dola 187 na senti 50. Msiongeze asilimia 20 juu ya 150, maana mtapata 180, na baada ya makato atabaki na 144. Viwango vya makato havilingani wala havidumu. Upwork ilitumia asilimia 10 tangu mwaka 2023, na tangu Mei 2025 kwa mikataba mipya makato yake yamekuwa kati ya 0 na 15 kwa mia. Someni kiwango cha siku ile kabla ya kutaja bei.

Wengine watasema: mbona yuko aliye tayari kwa nusu ya bei hiyo? Yuko, ndiyo. Hata mkulima mwenye mgonjwa nyumbani alikuwa tayari kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa nusu bei. Shida ya muuzaji haijawahi kuwa kipimo cha haki, na hilo ndilo tulilowaambia walanguzi miaka yote.

Pili, maelezo ya kazi. Magomvi mengi kati ya mnunuzi na mfanyakazi huru chanzo chake ni maelezo mabovu, na wenye kuyaandika ni sisi. Tukiandika "tunataka nembo nzuri", tumeandika ugomvi. Mkataba useme kazi ni nini, itakabidhiwa katika umbo gani, kwa siku ngapi, masahihisho yatakuwa mara ngapi ndani ya bei ile, na ni nani katika chama mwenye mamlaka ya kusema kazi imekubalika. Hili la mwisho lina uzito katika ushirika kuliko mahali pengine. Mfanyakazi akipokea maoni ya Mwenyekiti leo, ya Mweka Hazina kesho, na ya mjumbe mmoja wa Bodi keshokutwa, yote yakipingana, atafanya kazi tatu kwa malipo ya kazi moja. Bodi iteue mtu mmoja. Wengine wampe yeye maoni yao, naye ayapeleke kwa kauli moja. Na tukiongeza jambo ambalo halikuwamo katika mapatano, tuongeze na fedha yake.

Hapa sina budi kutaja desturi moja mbaya. Katika kukagua vitabu vya chama kimoja, ambacho jina lake nalihifadhi, nilikuta nembo ya kupendeza katika kila mfuko uliokuwa ghalani, lakini sikukuta hati hata moja ya kulipia nembo hiyo. Nilipouliza niliambiwa kwamba vijana watano waliombwa walete michoro ya majaribio, mmoja wa michoro hiyo ukapendeza, ukatumika, na aliyeuchora akaandikiwa kwamba ameshukuriwa. Fikirini mnunuzi wa pamba angechukua gunia moja la kuonja ubora kwa kila mkulima, kisha akayauza yote. Sisi tungeliita jambo hilo kwa jina lake. Tena mchoro ambao haukulipiwa wala kukabidhiwa kwa maandishi hauwi mali ya chama; aliyeuchora anaweza kuudai siku ambayo mifuko elfu kumi imekwisha kupigwa chapa. Kama mnataka majaribio, toeni kazi ndogo na mwilipie. Au tazameni kazi ambazo mtu amekwisha kuzifanya, na hilo halina gharama.

Tatu, siku ya kulipa. Ahadi ni deni, na deni la mnyonge ndilo la kwanza kulipwa. Fedha za kazi ya bei ya jumla ziwekwe amana sokoni kabla mtu hajaanza. Kazi ikiwa kubwa, igawanywe kwa hatua, na kila hatua iwe na fedha yake: kwa mfano, hatua ya kwanza kupanga majedwali, ya pili kuingiza taarifa za mwaka mmoja, ya tatu kuwafundisha makarani. Hivyo mfanyakazi haendi miezi miwili bila kuona shilingi, na chama hakiwi kimetoa fedha yote kwa kazi ambayo hakijaiona.

Lakini najua tatizo letu. Bodi haikutani kila wiki. Kazi huletwa tarehe 5, kikao ni tarehe 30, na mfanyakazi anangoja. Yeye hajui habari za akidi wala za ajenda. Anajua kwamba ametimiza na hajalipwa. Dawa yake ni kuidhinisha mapema. Bodi ipitishe kazi, bei na hatua zake kabla ya mkataba, na iandike katika muhtasari kwamba katibu na mweka hazina wana mamlaka ya kuachilia malipo mara kazi inapokaguliwa na kuonekana sawa na maelezo. Bodi itapokea taarifa katika kikao kinachofuata.

Tena kukawia kuna hatari kwetu wenyewe. Katika Upwork, mfanyakazi wa bei ya jumla akishakabidhi kazi na mnunuzi akanyamaza siku 14, fedha huachiliwa zenyewe. Katika Fiverr, mnunuzi akinyamaza siku 3 baada ya kukabidhiwa, kazi huhesabiwa kuwa imekubaliwa. Katibu asiyefungua kompyuta yake kwa wiki tatu atakuwa amelipia kazi ambayo hakuna mtu aliyeikagua. Basi ukaguzi wa haraka ni haki ya mfanyakazi na pia ni ulinzi wa mali ya wanachama.

Wenzetu wa mbali wameliona jambo hili hata wakalitungia sheria. Katika jiji la New York, tangu Mei 2017, anayempa mfanyakazi huru kazi ya dola 800 au zaidi analazimika kuandika mkataba, na kama mkataba haukutaja siku ya malipo, lazima alipe ndani ya siku 30 baada ya kazi kumalizika. Hatuhitaji kungoja sheria kama hiyo ije kwetu. Chama chaweza kujiwekea siku 7 katika kanuni zake za fedha, na kikazitimiza.

Kwa kazi za saa, yafaa nieleze kwamba programu ya Upwork hupiga picha ya kioo cha kompyuta ya mfanyakazi karibu mara sita kwa saa, na mnunuzi aweza kuziona. Wekeni kikomo cha saa kwa wiki, na hesabu ya saa ikaguliwe kila Jumatatu, kwa kuwa muda wa kuipinga ni siku chache tu. Lakini picha hizo zisiwe fimbo. Mfasiri anayefikiri neno, au mhasibu anayekokotoa kwenye karatasi, hachapi kitu, na bado yuko kazini. Pimeni kazi iliyoletwa.

Lipo pia jambo la alama za sifa. Kazi ikiisha, mnunuzi humpa mfanyakazi nyota na maneno machache, na kwa hayo wanunuzi wengine humhukumu. Neno la katibu aliyeudhika laweza kumkosesha mtu kazi kwa miezi. Kwa hiyo tuandike kweli. Kamwe tusimwambie mtu, "ongeza hili bure, la sivyo nitakupa nyota mbili." Hilo ni kumnyang'anya mtu kwa kalamu.

Nne, usalama wa chama. Haki ya mfanyakazi haiondoi wajibu wetu kwa wanachama. Matumizi yawemo katika makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu. Kadi ya benki inayolipia iwe ya chama. Isiwe ya katibu wala ya mwanawe. Chapeni mkataba, kazi iliyokabidhiwa na stakabadhi ya soko, mviambatishe na hati ya malipo, maana mkaguzi hawezi kukagua kitu kilichobaki katika simu ya mtu. Ulizeni ofisi ya mapato juu ya kodi ya zuio kabla ya kupatana, kwa sababu kiwango cha mkazi wa Tanzania na cha asiye mkazi si kimoja. Kisha mwelezeni mfanyakazi mapema. Kodi inayotajwa siku ya malipo huonekana kama wizi, hata ikiwa ni halali.

Daftari la wanachama lisitumwe ovyo. Lina majina, namba za simu, mashamba na madeni ya watu, nayo yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mpeni mfanyakazi majedwali yasiyo na majina kila inapowezekana, na badilisheni nywila siku anapomaliza. Wala msishawishike kumtoa mtu nje ya soko ili kukwepa makato. Upwork hukataza malipo ya nje kwa watu waliokutana kwake kwa muda wa miezi 24, isipokuwa kwa ada maalumu. Mkikamatwa, anayepoteza zaidi ni yeye, kwa sababu akaunti yake ndiyo riziki yake. Na fedha ikipotea nje ya soko, hakuna wa kuwaamua.

Tano, mpaka kati ya mfanyakazi huru na mwajiriwa. Kuna vyama ambavyo vimepata kijana hodari wa kompyuta, vikampa kazi moja, kisha ya pili, na sasa ni mwaka wa pili anafanya kazi za chama kila siku, kwa saa zilizopangwa na katibu, huku akiitwa bado mtu wa mkataba mfupi. Hana likizo, hana michango ya hifadhi ya jamii. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, haidanganywi na jina. Humdhania mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwapo hata dalili moja kati ya zilizotajwa: kwamba namna ya kazi yake au saa zake zinaongozwa na mwingine, kwamba amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kwamba anamtegemea kwa riziki yake, au kwamba anapewa vifaa vya kazi naye. Na Pendekezo Na. 193 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2002, linalohusu kuendeleza ushirika, linataka vyama vya ushirika visitumiwe kuficha ajira wala kukwepa sheria za kazi. Kama kazi ni ya kila siku, muajirini.

Nimalizie na vijana wetu. Wengi wa watoto wa wanachama wenye elimu ya kompyuta hawauzi kahawa. Wanauza kazi katika masoko haya haya, kila mmoja peke yake, kama babu zao walivyouza peke yao kabla ya ushirika. Nchini Ubelgiji kuna shirika liitwalo Smart, lililoanzishwa mwaka 1998, ambalo baadaye liligeuzwa kuwa chama cha ushirika cha wafanyakazi huru. Huwaandikia wanachama ankara zao, na huwalipa hata kama mnunuzi amechelewa. Hapa kwetu hakuna kinachotuzuia kuwaita vijana hao ofisini, kuwapa kazi zetu kwa bei ya haki, na kuwasaidia waandikishe chama chao wenyewe.

Kwa hiyo, Ndugu Makatibu, naomba kikao kijacho cha Bodi katika kila chama kiweke ajenda moja, na kipitishe mambo matatu: namna ya kukokotoa bei, mtu mmoja wa kukubali kazi, na siku 7 za kulipa. Nitakapokuja kukagua, nitaomba kuuona muhtasari huo pamoja na kitabu cha fedha.